Friji Likishakufa: Mwongozo kwa Mafundi na Wauzaji wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukichanganya, kuanzia Oktoba hivi, simu yangu haipumziki. Watu wamelipwa, wananunua friji jipya, na lile la zamani linaletwa karakana kwa guta au linatupwa uani. Hapo ndipo maswali yanapoanza, na kila mwaka ni yale yale. Fundi, gesi si naiachia tu? Mnunuzi wa chuma chakavu anaitaka kompresa, nimpe? Watu wa mazingira wakija nitawaonyesha nini? Nimeagiza mitumba kutoka nje, nusu haiwaki, nifanyeje?

Nimechoka kujibu kipande kipande kwa simu, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wa fundi mwenye karakana ndogo na wa mwenye duka la vifaa vya umeme, awe Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi au Kilwa Masoko. Nimeegemea zaidi kwenye friji na friza kwa sababu ndizo zenye madhara makubwa zaidi, na huku pwani zinakufa haraka. Hewa ya chumvi inakula mabomba ya nyuma hadi yanatoboka. Vifaa vingine nitavigusa baadaye.

Kabla ya yote, ujue umesimama wapi

Sitakuchosha na nadharia. Kwa wenzetu, mwenye kiwanda ndiye anayebebeshwa mzigo wa kifaa chake mpaka siku kinapokufa. Japani, tangu Aprili 2001, kuna sheria inayobana aina nne za vifaa: viyoyozi, televisheni, mafriji pamoja na friza, na mashine za kufulia. Mwenye kifaa analipa ada ya urejelezaji, duka linalipokea la zamani, na mtengenezaji analazimika kulipeleka kwenye mtambo wa kulivunja. Ulaya sheria yao ya kwanza ya taka za kielektroniki ni ya 2002, ikaandikwa upya 2012. Mtengenezaji anajiandikisha katika kila nchi anayouza, anatoa taarifa ya uzito aliouingiza sokoni, na anagharamia ukusanyaji. Kwa mafriji na viyoyozi, asilimia 85 ya uzito unaokusanywa lazima iokolewe, na asilimia 80 irejelezwe au itumike tena. Hata kabla kifaa hakijaundwa, risasi na zebaki zimewekewa kikomo cha asilimia 0.1 katika kila malighafi, na kadimiamu asilimia 0.01.

Sasa friji hilo hilo likipandishwa meli likashushwa kwetu, mnyororo ule unakatika. Kiwanda kiko mbali. Anayebaki nalo ni wewe na spana yako, na kazi ambayo mtengenezaji angeifanya kule inakuangukia wewe hapa.

Kwa upande wetu, mama wa yote ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Chini yake kuna kanuni za taka hatarishi, kanuni za kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, na kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za 2021. Msimamizi ni NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara. Huna haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam kuuliza swali. Nenda ukiwa na daftari lako, uliza, andika jibu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Leseni ya biashara inayotaja kazi unayofanya kweli. Kama umeandikwa muuzaji na unavunja mafriji uani, rekebisha hilo kwanza.
- Geji yenye mipira mifupi, na vali ya kutoboa bomba.
- Mashine ya kukusanyia gesi. Ni ghali, ninajua. Mafundi watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kuwekeana zamu.
- Mitungi ya kukusanyia gesi, angalau miwili, ile yenye vali mbili na inayojazwa tena. Mtungi wa kutupa ambao gesi mpya ya friji, R-134a, hujia ndani yake, ule wa kilo 13.6, haufai. Vali yake inaruhusu gesi kutoka tu, na chuma chake hakikuundwa kujazwa mara ya pili.
- Mizani ya dijitali inayosoma gramu.
- Kikata bomba cha mkono. Mtungi wa kuchomelea ukae mbali na kazi hii.
- Madumu yenye vifuniko, moja la mafuta machafu, na ndoo za plastiki zenye mfuniko kwa kapasita, bodi na taa.
- Miwani ya kazi na glavu za ngozi.
- Sehemu yenye paa na sakafu ya saruji. Mvua ya masika ikinyeshea mafriji yaliyofunguliwa, mafuta yote yanaingia mchangani, na mchanga wetu unanywa kila kitu.
- Daftari kubwa la kaunta na kalamu isiyofutika.

Hatua

1. Soma kibandiko kabla hujashika spana

Kiko nyuma karibu na kompresa au ndani, ubavuni mwa droo ya mboga. Tafuta mambo manne: aina ya gesi, gramu zake, volti, na gesi iliyotumika kupuliza povu, lile la ndani ya kuta linalozuia joto.

Aina ya gesi ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. R-12 ni ya mafriji ya zamani sana. Inakula ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ulitaka nchi kama yetu ziwe zimeachana nayo kabisa kufikia Januari 1, 2010. R-134a haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto: gramu moja ni sawa na gramu 1,430 za hewa ukaa. R-600a ndiyo utakayoikuta kwenye mafriji mengi mapya. Madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana, ila inawaka kama gesi ya kupikia. Friji lake lina alama ya pembetatu ya njano yenye mwali wa moto.

Ukiona picha ya pipa la taka lenye magurudumu limekatwa kwa msalaba, hiyo ni alama ya Ulaya. Maana yake kifaa hiki kisitupwe na taka za nyumbani. Wateja wengi hudhani inakataza kuweka taka ndani ya friji. Waeleze.

Piga picha kibandiko kwa simu. Kesho kutwa mtu atakiparua au kitalowa.

2. Amua: linatengenezeka au limekufa

Friji lililotengenezwa likarudi kazini ni bora kuliko lililovunjwa, hata liwe limevunjwa vizuri namna gani. Kwa hiyo pima kwanza. Themostati, relei, kapasita, feni, waya: hivyo ni vya kubadilisha tu, na friji linarudi kwa mwenyewe. Tundu kwenye bomba la nje linazibika. Kompresa iliyoungua kwenye friji la R-134a lenye mwili mzima inabadilishika pia, mkikubaliana bei.

Limekufa kama tundu limo ndani ya povu ambako huwezi kufika, mwili umeoza kutu, au linatumia R-12. Usijaze tena R-12, na usiweke gesi inayowaka kwenye friji lisiloundwa kwa ajili yake. Nimeyaona mafriza ya samaki ya namna hiyo, yamejazwa gesi ya kupikia na fundi wa haraka haraka, swichi ya themostati ikitoa cheche ndani ya boksi lile lile. Yakivuja usiku, nyumba inaondoka.

Likishakufa, andika kwa chaki mlangoni LIMEKUFA na tarehe, ili kijana wako asije akaliuza.

3. Ng'oa mlango siku hiyo hiyo

Hatua hii ni ya dakika tano na haina mjadala. Mafriji ya zamani yana komeo la chuma, na hata haya ya mpira wa sumaku mtoto mdogo hana nguvu za kuyafungua kutoka ndani. Watoto wa mtaani wakicheza kombolela, friji tupu uani ni maficho matamu kuliko yote. Hewa ya mle ndani haichukui muda kuisha. Ng'oa mlango, ulaze chini pembeni. Friza la kulala, ondoa mfuniko pamoja na springi zake.

Ukipokea friji bovu jioni na huna muda, ligeuze mlango uelekee ukutani na ulifunge kamba mpaka asubuhi.

4. Vuta gesi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza hesabu, maana nikimwambia mtu hadi aone namba ndipo anaelewa. Friji la R-134a lenye gramu 140 ukiliachia hewani, umetoa sawa na kilo 200 za hewa ukaa. Lingekuwa la R-12, gesi ambayo gramu yake moja ni sawa na 10,900, ungepita tani moja na nusu. Kwa mkato mmoja wa koleo. Mama mmoja wa Msangamkuu anayeuza barafu alinisikia nikimweleza kijana wangu hivyo, akasema, "Kumbe ile sauti ya sss ndiyo hiyo?" Ndiyo hiyo, mama.

Kwa R-134a na R-12 fanya hivi:

a) Kama kompresa bado inazunguka, iwashe dakika kumi hadi kumi na tano. Mafuta yakipata joto huachia gesi iliyojificha ndani yake. Kisha chomoa plagi, usizime tu.

b) Weka mtungi wa kukusanyia juu ya mizani, andika uzito wake. Kila aina ya gesi na mtungi wake. Ukichanganya R-134a na R-12 hata kidogo, huna tena gesi ya kutumia, una taka ya kugharamia.

c) Funga vali ya kutoboa kwenye kile kibomba kifupi cha kujazia kinachotoka kwenye kompresa. Unga mpira kwenye mashine na toa hewa iliyomo kwenye mipira.

d) Toboa, fungua, washa mashine. Endelea mpaka geji ishuke chini ya sifuri.

e) Funga, subiri dakika tano. Sindano ikipanda tena, bado kuna gesi inatoka kwenye mafuta. Rudia.

f) Pima mtungi upya. Tofauti ndiyo gramu ulizookoa. Linganisha na kibandiko.

Mtungi usipite asilimia 80 ya uwezo wake. Gesi ya maji maji hutanuka kwa joto, na bati la karakana saa nane mchana huku kwetu halina huruma. Mtungi uliojaa hadi juu ni bomu.

Kwa R-600a mambo ni tofauti. Gesi yenyewe ni kidogo, mara nyingi chini ya gramu 80, na hatari yake ni moto. Toa friji nje kwenye upepo. Usiwe na jiko, sigara, wala waya wenye umeme karibu, na kumbuka gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo na mitaro. Tumia mashine iliyoandikwa kuwa inafaa kwa gesi zinazowaka tu, maana ya kawaida ina cheche ndani. Kama huna, usijaribu kuvumbua yako. Lipeleke friji likiwa zima kwa fundi aliyenayo.

Bomba likatwe kwa kikata cha mkono. Miaka ya nyuma kijana wangu aliletewa friji ambalo mwenyewe aliapa kwamba halina gesi. Hakusoma kibandiko, na mimi sikumsimamia. Aliwasha mwali kufungua kiungo, na gesi iliyobaki kwenye mafuta ikalipuka usoni na mkononi. Alilala hospitali ya Ligula siku kadhaa. Kovu lake liko kwenye kiganja cha kulia hadi leo, na kila akishika kikata bomba ninaliona. Tangu siku ile hakuna moto kwenye friji karakana kwangu mpaka geji iseme, na hata geji ikishasema tunasubiri.

5. Mimina mafuta

Ng'oa kompresa, iinamishe juu ya dumu upande wa kibomba cha kujazia, iache itone. Ya friji la nyumbani hutoa kama glasi moja hivi. Iache ijikaushe kwa saa kadhaa kabla ya kuifunga vibomba vyake kwa kuvibana.

Mafuta haya huku kwetu yana soko lisilofaa. Watu wanayaomba wapake mbao dhidi ya mchwa, au wapake komeo la mlango. Usiwape. Yana asidi na mabaki ya waya zilizoungua, na mbao hizo ndizo vitanda vya watoto. Dumu likijaa linaondoka pamoja na taka hatarishi nyingine.

6. Fungua vilivyobaki kwa mpangilio

Anza na vinavyodhuru. Kapasita kwanza: ondoa umeme uliobaki ndani kwa kuunganisha ncha zake kupitia rezista, ukitumia bisibisi yenye mpini wa plastiki, ndipo uishike. Za zamani sana, zile za mkebe wa chuma zenye mafuta ndani, zisifunguliwe wala zisitobolewe. Halafu bodi za saketi, nzima nzima, ndani ya ndoo. Baadhi ya mafriza ya zamani yana kijichupa cha kioo chenye zebaki kwenye taa ya mfuniko. Kitoe polepole, kifunge kwenye chupa ya plastiki.

Waya ya shaba ichunwe ganda lake kwa kisu. Usiichome. Moshi wa plastiki ya waya ndio sumu mbaya kuliko yote utakayoitengeneza katika kazi hii, na shaba iliyoungua hupunguzwa bei hata na mnunuzi mwenyewe.

Chuma, alumini na shaba vikae marundo tofauti. Hapo ndipo pesa yako ilipo, na ndipo inapolipa gharama za yale mengine.

7. Povu

Sina jibu zuri kwa povu, na yeyote atakayekuambia analo muulize analipeleka wapi. Povu la njano la mafriji ya zamani lilipulizwa kwa R-11, ambayo bado imo ndani ya vitobo vyake. La kisasa limepulizwa kwa saiklopenteini, ambayo inawaka. Ulaya na Japani mwili mzima unasagwa ndani ya mtambo uliofungwa ili gesi inaswe. Sisi hatuna mtambo huo hapa.

Kwa hiyo: usilivunje vunje, usilibandue kutafuta bati, na usilichome kamwe. Povu likiungua hutoa moshi wenye sayanaidi na moshi wa kaboni ule unaoua watu kimya kimya. Acha boksi la friji likiwa zima, bila mlango, na likabidhiwe hivyo hivyo. Boksi zima lina kazi pia: wafugaji wa kuku hulitumia kama chombo cha kutunzia joto, na wavuvi hulitumia kuhifadhia barafu. Nimeuza kadhaa kwa wavuvi wa Mikindani. Povu limebaki ndani ya kuta zake, halijamdhuru mtu.

8. Andika

Wenye viwanda kule Ulaya hutii sheria kwa karatasi, uzito kwa uzito. Na wewe fanya hivyo. Mstari mmoja kwa kila kifaa: tarehe, aina, namba ya mfululizo, gesi na gramu za kibandiko, gramu ulizovuta, kiasi cha mafuta, uzito wa kompresa na marundo mengine, aliyechukua, namba ya kibali chake, namba ya risiti.

Mfano: "Novemba 12. Friji milango miwili. R-134a, 140 g. Imevutwa 110 g. Mafuta glasi moja. Kompresa kilo 8. Boksi zima. Bado lipo karakana."

Gramu 110 badala ya 140 si aibu. Friji lilikuwa linavuja. Aibu ni kuandika 140 kila mstari. Mkaguzi yeyote anayejua kazi ataona mara moja kwamba hukupima.

9. Kabidhi kwa mwenye kibali

Kukusanya, kusafirisha, kuhifadhi na kurejeleza taka za namna hii kunahitaji kibali, na maombi yake hupitia NEMC. Kabla hujampa mtu mzigo, mwombe kibali, kisome: jina ni lake? Tarehe haijapita? Kinataja taka za kielektroniki au chuma chakavu pekee? Kipige picha. Mwenye kibali halisi haoni tabu. Anayekuambia "bosi, hayo tutamalizana" ni wa kumwaga povu kwenye bonde usiku, na daftari lako litaonyesha kwamba lilitoka kwako.

Kama na wewe unapokea mafriji ya mafundi wengine na kuyarundika, umeshakuwa mkusanyaji. Ulizia kibali chako mwenyewe. Usisubiri uulizwe.

Mzigo mwingi huishia Dar es Salaam. Mitungi ya gesi isipakiwe kwenye buti la basi la abiria, hata kondakta akikubali. Na usipange karakana yako kana kwamba lori litakuja kila mwezi bila kukosa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na kusini yote ikakaa. Uwe na nafasi ya kuhifadhi kwa usalama zaidi ya unayodhani unahitaji.

Kwa anayeagiza mitumba

Hapa mlango wa taka ni wewe, kwa hiyo sikiliza. Sheria ya Ulaya inamtaka anayesafirisha kifaa kilichotumika aonyeshe kwamba kimepimwa na kinafanya kazi, kila kimoja na karatasi yake, na kimefungwa vizuri kisivunjike njiani. Muuzaji asiyeweza kukutumia karatasi hizo kabla ya malipo anakuuzia taka zake. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel, ule unaosimamia taka zinazovuka mipaka ya nchi, na tangu Januari 1, 2025 taka zote za kielektroniki, ziwe hatarishi au la, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kuridhia kwanza. Kontena la mafriji mabovu si biashara iliyoharibika tu. Ni uingizaji wa taka.

Uliza mambo haya kwa maandishi: gesi ya kila friji, volti, mwaka. Ya R-12 kataa. Ya Japani ni volti 100. Mteja mmoja wa Shangani alilichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230. Kompresa ilinguruma, ikanyamaza, ndani ya dakika moja friji zuri likawa mzigo wa karakana yangu. Ukiuza la volti 100, uza na transfoma yake, na bandika karatasi kwenye plagi.

Vifaa vingine, kwa haraka

TV ya chogo: kioo chake cha nyuma kina risasi nyingi. Usikivunje kutafuta koili ya shaba. Hifadhi nzima, uso ukiangalia chini.

Maikrowevu: kapasita yake hushika maelfu ya volti hata plagi ikiwa nje. Kama hukufundishwa, usiifungue.

Taa ndefu za mirija: zina zebaki. Zirudishe kwenye boksi zake, zisimame.

Betri za sola za asidi: zina soko, lakini asidi isimwagwe kabla ya kuuza. Mnunuzi halali huichukua ikiwa na asidi yake.

Ukikwama

*Kibandiko hakisomeki.* Angalia kibandiko cha kompresa yenyewe, mara nyingi kinataja gesi. Usitegemee geji: friji la nyumbani lina gesi chache kiasi kwamba presha yake likiwa limezimwa haikuambii aina. Ukikosa kabisa, lichukulie kwamba linawaka, fanyia kazi nje, na gesi yake iwe na mtungi wake peke yake ulioandikwa HAIJULIKANI.

*Gesi ilishatoka.* Fuata hatua zote kana kwamba ipo. Kuna inayobaki kwenye mafuta. Andika sifuri daftarini kama mizani imesema sifuri.

*Mashine inavuta lakini geji haishuki.* Mara nyingi vali ya kutoboa haijakaza na inavuta hewa ya nje. Simamisha, maana hewa ndani ya mtungi inapandisha presha yake. Kaza au badilisha mpira wa vali, paka povu la sabuni, angalia.

*Mtungi una joto na presha inapanda.* Zima mashine, uweke kivulini ndani ya beseni la maji baridi. Usimwage gesi ili kupunguza presha. Badilisha mtungi kama umefika asilimia 80.

*Mteja anataka alipwe kwa friji bovu.* Mpe thamani ya chuma na shaba, ukitoa gharama ya kazi. Mwonyeshe hesabu kwenye mizani. Wengi wanakubali. Akikataa, angalau mng'olee mlango bure kabla hajaondoka nalo.

*Hakuna mwenye kibali anayefika wilayani kwangu.* Hili lipo, hasa Nachingwea, Liwale na Newala. Jikusanyeni mafundi wa wilaya mpate mzigo wa kujaza lori, mteue karakana moja yenye paa na sakafu, na mmshirikishe afisa mazingira wa halmashauri kabla ya kuanza kurundika. Kisha piga simu ofisi ya kanda uombe majina ya wenye vibali halali vya sasa. Mzigo wa mafriji arobaini unamvuta msafirishaji. Wa mafriji mawili haumvuti.

*Karakana imejaa na lori halijaja.* Acha kupokea. Mwambie mteja alitunze friji lake nyumbani, mlango ukiwa umeng'olewa, gesi ikiwa bado ndani, mpaka umpigie. Friji lililofungwa bado na gesi yake linaweza kusubiri kwa mwenyewe miezi. Lililofunguliwa nusu haliwezi.